Mchumba wangu anajua sina ndugu

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Nimeshafuta mwanzo wa barua hii mara nyingi, kwa hiyo acha niseme bila kuzunguka. Nina miaka 28. Kwetu tumezaliwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 25. Mwanamume anayetarajia kunioa anajua nimezaliwa peke yangu.

Mdogo wangu ana mtindio wa ubongo. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, na nakumbuka, au pengine nimesimuliwa mpaka nikaamini nakumbuka, nyumba isiyo na mama kwa majuma mengi. Mikono yake hujikunja na miguu hukaza. Ndani ya nyumba anatembea kwa kushikilia ukuta, nje anatumia kiti cha magurudumu. Maneno humtoka kwa shida, na asiyemzoea huambulia sauti tu. Mimi nilimwelewa kabla ya watu wote. Nilikuwa na miaka saba, na daktari akimuuliza swali mama alinigeukia mimi: "Anasemaje?"

Nilipokuwa na miaka kumi aliletwa shuleni kwetu. Siku moja wakati wa mapumziko wavulana wa darasa langu walijipanga mstari wakawa wanaigiza anavyotembea, mmoja baada ya mwingine. Wenzangu wakacheka. Nami nilicheka, Shangazi, tena kwa sauti. Nilipogeuka nikamwona amekaa kwenye ngazi ananitazama. Hakulia. Njiani hakusema neno, na nyumbani hakunishtaki. Muhula ulipoisha shule ikasema haina namna ya kumhudumia, akabaki nyumbani. Mama alilia. Mimi nilifurahi. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Nyumbani kila kitu kilifuata hali yake. Akishikwa na kifafa usiku hatulali, na asubuhi mimi naenda shule kama kawaida. Nikifeli hesabu naambiwa, "Wewe una miguu yako miwili, unakwama wapi?" Nikifaulu, tunafurahi kwa sauti ya chini asije akajisikia vibaya. Nilijifunza kutokuumwa. Wageni walikuwa wakinisifu kwamba nina moyo. Sikuwa na moyo, sikuwa na pa kwenda.

Nilipopata kazi mbali na nyumbani nikapumua. Huko ndiko nilikokutana na mwenzangu. Tulikuwa hata mwezi hatujamaliza tangu tufahamiane, akaniuliza, "Mko wangapi kwenu?" Likanitoka: "Niko peke yangu." Sikupanga. Nilidhani ni neno la siku moja, maana hata yeye sikujua kama atakaa. Amekaa. Uongo huo sasa una miaka miwili na nusu. Mdogo wangu akinipigia natoka nje kupokea, na picha za nyumbani nimezificha.

Niliwahi kukaribia kusema. Tulikuwa tunatembea tukapishana na mtu anamsukuma ndugu yake kwenye kiti. Mwenzangu akasema kwa huruma, "Maskini. Na huyo anayesukuma naye, maisha yake ndiyo basi." Mdomo ukanifunga. Si mtu mbaya, Shangazi. Lakini nikawaza, na wazazi wake je? Wataniambia ukoo wetu una ugonjwa.

Baada ya majuma sita wazazi hao wanakuja kuonana na wazazi wangu. Nilimweleza mama ukweli wote nikijua atanifokea. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi siku hiyo tutampeleka kwa mama yako mdogo." Hivyo tu. Afadhali angenipiga. Baba hajui. Yeye wimbo wake ni mmoja tangu nikiwa mdogo: "Sisi tukiondoka, wewe ndiye mikono yake." Sijui nitamwambiaje mume mtarajiwa kwamba nakuja na mikono ya mtu mwingine.

Juzi, tuseme siku tisa zilizopita, mdogo wangu alinitumia ujumbe. Anaandika kwa kidole gumba kimoja, mstari mmoja unaweza kumchukua dakika kadhaa. Ameandika: "Nasikia una mchumba. Anaitwa nani?" Sijamjibu.

Nimwambie mwenzangu sasa, au tupitishe siku ile kwanza? Na lingine ambalo pengine ndilo swali lenyewe: huwa nasikia watu wakisema ndugu yao mwenye ulemavu ni baraka, amewafundisha upendo. Mimi sijafika huko. Nampenda, na kuna siku natamani asingezaliwa, kisha siwezi kula kwa kujichukia. Mtu anamkubali vipi ndugu yake? Au mimi nina kasoro?

Ndimi, Dada mtu

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu.

Kwa barua ya mtu aliyesema hana ndugu, umechagua sahihi ya ajabu. Ungeweza kuandika "Mwenye mawazo" au "Msomaji wako". Umeandika "Dada mtu". Sitakifanya kitu hicho kuwa kikubwa kuliko kilivyo, ila nimekiona.

Nikikuelewa, yapo mambo matatu hapa na yamefungwa fundo moja. Lipo neno ulilomwambia mchumba wako, wapo wazazi na mipango yao juu ya kesho ya mdogo wako, na kipo kile kicheko cha shuleni. Kwa kuwa majuma sita yanakimbia, utashawishika kulishughulikia la kwanza tu. Mimi naona la mwisho ndilo linaloyavuta mengine, kwa hiyo niruhusu nianzie huko.

Uwanja ule ulikuwa na pande mbili, wanaocheka na anayechekwa, na wewe ulikuwa mtoto wa miaka kumi uliyekwisha kujua kuvuka kwenda upande wa pili kunagharimu nini. Sitakuambia halikuwa jambo. Nadhani lilimuuma, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Lakini niambie, walimu walikuwa wapi? Mstari mzima wa wavulana unajipanga kumwigiza mtoto wa miaka saba, na katika kumbukumbu yako hamna mtu mzima hata mmoja. Kisha shule hiyohiyo ikashindwa kumhudumia, ikamrudisha nyumbani, na miaka 18 baadaye anayejiona mkosaji ni wewe, kwa sababu siku hiyo ulihisi nafuu. Shule ilimkataa mtoto, lawama ukaibeba wewe. Ungeruhusu tuigawe upya?

Sasa nikuulize jambo ambalo huenda likakukera. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta kitu nikakikosa. Najua mikono yake inakaaje, najua anatembeaje, najua kifafa chake. Sijui anapenda nini. Sijui anachekeshwa na nini, anashabikia nani, ana kiburi au ni mpole, ana deni lako au la. Ujumbe wake wa maneno matano ndio mahali pekee nilipomsikia yeye, na ndani yake nimemwona mtu mwenye umbea kidogo, kama wadogo zetu wote. Je, mmewahi kugombana? Nina maana ugomvi wa kweli, wa kununiana siku mbili. Wahenga walisema wagombanao ndio wapatanao, na kwa ninavyoona ninyi wawili mlinyimwa nafasi hiyo. Wewe kumkasirikia ilikuwa kosa mbele ya nyumba nzima. Yeye kukukasirikia alikuwa na uwezo gani, wakati maneno yake yote yalipita mdomoni mwako? Mkalimani hatukanwi na anayemtafsiria.

Ndiyo maana neno "kumkubali" linanipa shida kidogo jinsi unavyolitumia. Unaliongelea kama mtihani ambao wengine wamefaulu, wakapewa cheti cha baraka, ukabaki wewe. Mwaka 1962 mtaalamu mmoja wa Marekani, Simon Olshansky, aliandika juu ya wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili. Wakati huo wataalamu wengi waliwasukuma wazazi wamalize majonzi, "wakubali", wasonge mbele. Yeye akasema hapana: huzuni ya namna hiyo inaweza kukaa na mtu maisha yake yote, inapanda na kushuka, na si ugonjwa. Ni jibu la kawaida la moyo. Aliwazungumzia wazazi, lakini barua za ndugu ninazozipata zinanifanya niamini na ninyi mmo. Itapanda siku ya harusi yako, itapanda utakapopata mtoto akaanza kutembea. Ile siku unayotamani asingezaliwa, jaribu kuitazama kwa makini: ni yeye unayetamani asiwepo, au ni usiku wa kifafa, na kauli ya "miguu yako miwili", na furaha ya sauti ya chini? Hayo unaweza kuyachukia sana na bado ukawa dada.

Wale wanaosema baraka, wengine wanasema kweli. Wengine, nakuhakikishia, wanasema hivyo kwa sababu ndilo jibu pekee linaloruhusiwa mbele za watu.

Tuje kwa mchumba. Kwanza hofu ya ukoo, maana hiyo ina majibu. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo wa mtoto kuumia au kutokukua sawasawa, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Kuzaliwa kabla ya wakati ni moja ya mambo yanayoongeza hatari hiyo. Mengine ni maambukizi wakati wa ujauzito, kukosa hewa, na manjano kali ya mtoto mchanga. Hauambukizi, na kwa sehemu kubwa haurithiwi. Nimesema kwa sehemu kubwa kwa sababu zipo hali chache za kurithi zinazofanana nao, na kama jambo hili linakunyima usingizi, muulize daktari anayemjua mdogo wako. Lakini uende ukiwa umekwisha kujiuliza kama unataka jibu hilo kwa ajili yako, au unatafuta hati ya kujitetea mbele ya wakwe.

Kisha kauli yake ya barabarani. Ilikuwa mbaya, sitaipamba. Ila mtu aliyeisema hakujua anazungumza na nani, na wewe ndiye uliyehakikisha hajui. Unaweza kuwa umemfanya hakimu kwa sentensi moja. Na kuna uwezekano mwingine ambao nauweka mezani taratibu: huenda ilikufunga mdomo kwa sababu ndivyo unavyoamini wewe. Kwamba anayesukuma, maisha yake ndiyo basi. Kama ni hivyo, yeye si mtu wa kwanza unayepaswa kuzungumza naye juu ya sentensi hiyo.

Ukimwambia sasa, mkiwa wawili, mbali na wazazi, unampa nafasi ya kushtuka faraghani. Atashtuka. Jiandae kwamba kitakachomuumiza kinaweza kisiwe ndugu yako hata kidogo, bali ile miaka miwili na nusu ya kutoka nje na simu. Pengine alikwisha kudhani una mwanamume mwingine. Anaweza kuomba muda, anaweza kuahirisha ujio wa wazazi, na ndiyo, anaweza kuondoka. Siwezi kukuahidi hataondoka. Ukimwambia, usimwekee ulemavu wa mdogo wako kama sababu ya uongo. Sababu ni hofu yako, na mtu anaweza kuielewa hofu.

Ukiamua kupitisha siku ile kwanza, utapata siku moja ya utulivu. Baada yake uongo hautakuwa wako peke yako tena: mama yako atakuwa ameusema, mama yako mdogo ameufungia mlango, na baba, ambaye hajui kitu, ama ataingizwa ndani ama ataupasua mezani mbele ya wageni kwa kuuliza tu, "Mwanangu yuko wapi?" Harusi je? Naye atapelekwa kwa mama mdogo? Sisemi hivi kukutisha. Nataka tu uuone mpango ule kwa urefu wake wote, maana mama aliusema kwa pumzi moja na ukaonekana mfupi.

Na mama mwenyewe. Unasema afadhali angekupiga. Mimi nimejiuliza ilikuwaje jibu likawa tayari upesi namna ile. Mtu hutoa jibu la haraka hivyo pale anapokuwa amewahi kulitumia. Inawezekana amemficha mara nyingine ambazo hukuziona, kwa wageni wengine, na hakukufokea kwa sababu alijiona ndani yako. Siku ukipata utulivu, muulize. Muulize bila kumshtaki.

Kuficha ndugu hakukuanza na wewe, wala hakuko kwa watu wa kawaida tu. Rosemary Kennedy, dada wa John F. Kennedy aliyekuwa rais wa Marekani, alikuwa na ulemavu wa akili. Mwaka 1941, akiwa na miaka 23, baba yao aliruhusu afanyiwe upasuaji wa ubongo uliomharibu kabisa. Akawekwa mbali katika kituo, na kwa miaka mingi familia haikusema wazi aliko. Wale ndugu walikuwa na kila kitu ambacho wewe huna, na aibu iliwaweza. Mdogo wake, Eunice, ndiye aliyeandika hadharani juu ya dada yao mwaka 1962, kaka yao akiwa madarakani, na mwaka 1968 akaanzisha Special Olympics, mashindano ya michezo ya watu wenye ulemavu wa akili. Sikuambii uanzishe mashindano, mwanangu. Ninachokitazama ni ile zaidi ya miaka 20 ya katikati. Hakuna anayejua Rosemary aliwaza nini muda huo wote. Hakuulizwa.

Hapo ndipo nakuja kwa baba na "mikono" yake. Baba anaogopa kufa akamwacha mtoto, na hofu hiyo ameipa sauti ya amri. Wewe umeisikia kama hukumu ya maisha, ukaikimbilia kazini mbali. Lakini mikono ni kazi nyingi tofauti. Kuna anayemwogesha, kuna anayesimamia dawa za kifafa, kuna anayeshughulikia fedha, kuna anayempigia simu kila jioni wakaongea upuuzi. Nani kasema zote ni za mtu mmoja? Wapo watu wa familia, yupo msaidizi wa kulipwa kama uwezo upo, yapo mambo ambayo yeye mwenyewe angeyafanya akipewa muda na vifaa. Ukikubali yote kwa sababu unajiona una deni la kicheko, naogopa utamlipisha yeye pole pole, kwa uso na kwa ukimya. Ukikataa yote, kwa jinsi nilivyokusoma, hutalala. Katikati pana nafasi kubwa, ila hufiki huko bila kukaa na wazazi wangali na nguvu, mkaandika dawa gani, daktari gani, karatasi ziko wapi, nani atafanya nini.

Na kikao hicho awepo yeye. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, una kifungu cha 19 kinachosema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani, sawa na wengine. Naujua mwendo wa sheria na mwendo wa nyumba zetu, havifanani. Hata hivyo kijana ana miaka 25. Mmempangia mikono, mmempangia mlango wa mama mdogo, na katika barua yako hakuna mahali hata pamoja palipo na mtu aliyemuuliza, "Wewe unataka nini?" Pengine hataki kuishi kwako. Umewahi kuliwaza hilo? Huenda akasema kwamba wewe ni mkali.

Kuhusu shule, ukitaka kumwomba radhi, fikiri kwanza unamwomba kwa ajili ya nani. Anaweza kuwa amesahau, anaweza kuwa amekumbuka kila siku. Usimpe kazi ya kukufariji. Mwambie kisha umwache akasirike kama atakasirika, hata akikununia. Huo ungekuwa ununaji wenu wa kwanza.

Kama utaona mambo yanakuzidi, tafuta mshauri nasaha wa ana kwa ana, na ukiweza watafute watu waliokua na ndugu mwenye ulemavu. Utashangaa wanavyocheka mambo ambayo mbele ya wengine ungeona haya hata kuyataja.

Mengi niliyoyauliza hayana jibu la haraka, na majuma sita hayatoshi kwa yote. Lipo moja dogo. Ujumbe wake bado uko kwenye simu yako, na ulipoiandika barua hii ulikuwa na siku tisa. Hajauliza kwa nini hukumwambia. Hajauliza kama atakuja kwenye harusi. Ameuliza jina tu.

Niandikie tena, nataka kujua alikujibu nini.

Shangazi